Mwanaharakati mwenzenu anampiga mpenzi wake, mfanyeje

Hii nawaandikia watu wa vikundi, wa haki za wanawake, ardhi, mazingira, vijana, uwe hapa Moshi au uko Arusha. Mwaka fulani dada mmoja wa kikundi chetu alikuja kikaoni kajifunga mtandio mpaka shingoni na joto lile la Februari, na tuliojua tulinyamaza kwasababu aliyemkaba ndo alikua anatuandalia hotuba za siku 16 za kupinga ukatili. Tulisema tukimtaja tutachafua harakati. Dada akahama mji, jamaa akabaki na maiki. Inaniuma mpaka leo.

Kwahiyo anza na yeye aliyeumizwa. Mtafute mkiwa wawili tu, usimtumie meseji maana simu yake inaweza ikawa inasomwa. Mwambie umeona na unamwamini, afu nyamaza umsikilize, usimuulize kwanini bado yupo na huyo mtu. Muulize anataka nini yeye, sio kikundi kinataka nini, kuna mwingine siku hiyo anataka pa kulala tu na mambo ya kesi hayataki kabisa, na hiyo ni haki yake.

Kama kaumia vibaya, hospitali kwanza, Moshi kuna Mawenzi, Arusha kuna Mount Meru. PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha, inatolewa polisi, ulizia dawati la jinsia na watoto. Kama kaingiliwa kwa nguvu, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na mapema zaidi ndo bora, asioge kwanza, na nguo aziweke kwenye mfuko wa karatasi sio wa nailoni. Najua wengi wetu tunawaogopa polisi kwa mambo ya maandamano, ndo maana asiende peke yake, mtu mmoja aende nae na ikiwezekana msaidizi wa kisheria.

Wazee wakisema mume ana haki ya kumrudi mke, waambieni Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Na kama hawajaoana kupiga mtu bado ni kosa la jinai.

Sasa hapa ndo tunapoharibu sana, usuluhishi. Tunawakalisha wote wawili, mwenyekiti anaongea, soda zinaletwa, yule dada anaulizwa mbele ya mwanaume kama kasamehe, ataitikia nini zaidi ya ndiyo na wanarudi nyumba moja? Usiku analipia kila neno alilosema. Msifanye hivyo. Na kikundi sio mahakama ya kesi za kubaka, msijifanye mnachunguza.

Ila mambo ya kikundi ni yenu. Huyo mwanaume mtoeni kwenye uadmini wa magrupu, chukueni funguo za ofisi, laini ya kikundi, daftari la pesa, asiwawakilishe popote, na badilisheni nywila zote siku hiyohiyo. Kabla hamjamwambia chochote hakikisheni dada anajua, amekubali, na siku hiyo analala kwingine, maana mwanaume akishajua siri imetoka au mwanamke anaondoka ndo hatari inapanda. Waende kwake wanaume wawili anaowaheshimu, waseme maamuzi tu, wasirudie alichosimulia dada.

Na jiandaeni, huyu mtu anaijua lugha yetu. Atalia, atasema na yeye ni muhanga, atasema katumiwa watu wamvunje kwasababu ya kazi ya kikundi. Inawezekana alikaa lokapu kwa ajili yenu kweli, mshukuruni kwa hilo, lakini maamuzi yabaki. Picha za majeraha msiposti hata kwa nia nzuri bila dada mwenyewe kusema sawa.

Haya yote yaandikeni kwenye katiba ya kikundi sasa hivi kabla hayajatokea, maana yakishatokea kila mtu ana rafiki yake wa kumtetea. Afu tengeni hela ya dharura, hata elfu hamsini, ikae kwa mama asiye kiongozi na anayepokea simu usiku, ya bodaboda na gesti siku mbili. Usiku ule dada yetu alitembea kwa mguu kutoka Rau mpaka Majengo na mtoto mgongoni, alishapiga simu kwa watu wanne wa kikundi na hakuna aliyekua na nauli ya kumtumia.