Kiti cha mtoto kwenye Land Cruiser au Land Rover ya zamani: anza na mkanda wa gari

Kabla ya kwenda dukani, fungua mlango wa nyuma wa gari na uangalie mikanda iliyopo. Mkanda ndio utakaokuambia kiti gani kinunuliwe. Viti vingi vya watoto vinavyouzwa sasa vimetengenezwa kwa ajili ya ISOFIX, yaani vyuma viwili vilivyojificha kwenye ufa kati ya makalio na mgongo wa siti, vikiwa vimeachana sentimita 28. Land Cruiser 80 za mwaka 1990 hadi 1997, mikonga (Land Cruiser hardtop) ya enzi hizo na Land Rover Defender nyingi hazina vyuma hivyo. Ukinunua kiti kinachotegemea ISOFIX peke yake, hutakuwa na pa kukifunga. Na fundi akijitolea kukuchomelea vyuma, mkatalie. Mtoto wa kilo 12 kwenye kiti cha kilo 8 ni mzigo wa kilo 20, na gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, mzigo huo unaweza kuvuta kwa nguvu ya kilo 400 hadi 600 kwa sekunde ndogo sana. Weldi ya kukisia kwenye bati la siti haijapimwa kwa mvuto huo.

Habari njema ni kwamba kiti kizuri kinachofungwa kwa mkanda wa gari, kikifungwa sawasawa, kinamlinda mtoto vizuri. Tafuta hicho.

Kagua gari kwanza

Vuta mkanda wote hadi mwisho wa roli lake. Nusu mita ya mwisho, ile ambayo huwa imejikunja ndani muda wote, ina rangi yake ya kiwandani. Ilinganishe na sehemu inayokaa nje. Kama ya nje imepauka sana, imekakamaa, au kingo zake zina manyoya ya nyuzi zilizokatika, jua limeshaula huo mkanda na hauaminiki tena. Nunua mkanda kamili pamoja na roli lake, wa gari la aina hiyohiyo. Usichukue uliotolewa kwenye gari lililopata ajali, kwa sababu mkanda uliokwisha kuvutwa na ajali umetanuka hata kama macho hayaoni.

Halafu uvute kwa ghafla. Unatakiwa ukamate. Roli la mkanda lina kifaa ndani kinachohisi mwinamo, kwa hiyo likifungwa likiwa limepinda kidogo tu, ama litagoma muda wote au halitakamata kabisa. Hili hutokea sana kwenye magari yaliyobadilishwa siti, fundi akahamisha roli kutoka mahali pake. Ukiona mkanda unagoma hata gari likiwa limesimama mahali tambarare, angalia kwanza jinsi roli lilivyokaa kabla ya kulaumu mkanda.

Kifungio nacho kina adui yake, vumbi. Kikiingiza ulimi wa mkanda bila kutoa mlio wa "ta", au kitufe kikibaki chini baada ya kubonyezwa, kioshe kwa maji ya uvuguvugu na ukiache kikauke. Usitie oili wala grisi. Vumbi litagandamana humo na hali itakuwa mbaya zaidi.

Sasa nyanyua kapeti. Magari yaliyokaa Tanga, Mombasa au Zanzibar huliwa na kutu chini ya kapeti huku juu yakimeremeta. Gonga bati kwa bisibisi kuzunguka kila bolti ya mkanda. Likibonyea au likitoa magamba, mahali hapo pasifungwe kitu mpaka bati likatwe na kutengenezwa upya. Bolti za mikanda ya usalama kwa kawaida ni za inchi, 7/16 UNF yenye meno 20 kwa inchi. Ikipotea, usikubali ya milimita: M10 inaingia ikicheza na kushikilia kwa ncha za meno tu, na M12 inaharibu tundu. Kwa wauza vipuri wa Gerezani au Kirinyaga Road, taja kipimo hicho na ueleze kuwa ni bolti ya mkanda, wakupe ngumu, isiwe ya bati.

La mwisho ni siti yenyewe. Benchi la kati la magari haya hukunjwa na kupinduliwa mbele ili kupakia mizigo, na ndoano zake za sakafuni huchakaa. Lishike kwa mikono miwili ulivute juu kwa nguvu. Likinyanyuka au kulegalega, kiti cha mtoto kitakachofungwa juu yake kitaondoka pamoja nalo. Magari ya utalii yaliyowekewa siti za kutengeneza karakana yanahitaji jicho kali zaidi: chungulia uvunguni uone kama bolti za fremu zina kipande cha chuma cha kuzishikia chini ya bati, au ni nati tupu zilizokaza kwenye bati jembamba.

Na yale mabenchi ya ubavuni yanayotazamana, ya Defender 110 na ya mkonga, kiti cha mtoto hakifungwi humo hata siku moja. Kiti kimeundwa kubeba nguvu inayotoka mbele au nyuma. Ikitoka ubavuni, mikanda humkaba mtoto shingo na mbavu.

Kiti gani kinunuliwe

Siti za pembeni za nyuma mara nyingi zina mkanda wa pointi tatu, unaopita begani na kiunoni. Ya katikati kwa kawaida ina mkanda wa kiunoni tu, na baadhi ya magari ya zamani zaidi yana wa kiunoni kote.

Kama una pointi tatu, viti vingi vitakufaa. Kama una wa kiunoni tu, tafuta kiti chenye mikanda yake mitano ambacho maelezo yake yanaruhusu wazi kufungwa kwa mkanda wa kiunoni. Viti vya Marekani vinavyogeuzwa, kutazama nyuma na baadaye mbele, mara nyingi vinaruhusu hivyo. Vya Ulaya ni vichache, kwa hiyo soma picha zilizobandikwa ubavuni mwa kiti. Busta, kile kiti cha kumwinua mtoto mkubwa ili mkanda wa gari umkae vizuri, haitumiki kamwe na mkanda wa kiunoni. Kichwa na kifua hurushwa mbele, mkanda ukakata tumbo.

Mtoto atazame nyuma kwa muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito mno kwa shingo yake; akitazama nyuma, mgongo wa kiti hupokea kichwa, shingo na mwili kwa pamoja. Kanuni ya Ulaya ya R129 inataka angalau miezi 15, na huo ni mwanzo tu. Ile ya zamani, R44, inapanga viti kwa kilo: kundi la 0+ hadi kilo 13, la I kilo 9 hadi 18, la II kilo 15 hadi 25, la III kilo 22 hadi 36. Tafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye E ndani ya duara (E1 ni Ujerumani, E11 Uingereza, E43 Japani). Kwa R44, namba ya idhini ianze na 04, au angalau 03. Kiti cha Marekani kitakuwa na maandishi ya kutimiza kanuni za usalama za huko, FMVSS 213. Vile vitambaa vyenye sponji na kamba vinavyouzwa mitandaoni kwa bei ya kutupa havina lebo yoyote kati ya hizi, na si viti vya usalama.

Kiti cha mtumba kinaweza kuwa kizuri, ila kipindue. Chini ya plastiki kuna alama kama saa ndogo yenye mshale unaoonyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 6 hadi 10. Asiyeweza kukuambia kiti kimetoka wapi na kama kimewahi kuwa kwenye ajali, usinunue kwake.

Kukifunga

Egesha gari mahali tambarare. Kiweke kiti juu ya siti, angalau asilimia 80 ya kitako chake kikae juu ya sponji. Cha kutazama nyuma kwa mtoto mchanga kilale kama nyuzi 45. Kikisimama sana, kidevu huanguka kifuani na pumzi ikabanwa. Siti ya zamani iliyobonyea hubadilisha mlalo huo, na taulo lililoviringishwa vizuri likawekwa kwenye ufa wa siti hulirekebisha, kama maelezo ya kiti yanaruhusu. Mto usiwekwe.

Pitisha mkanda kwenye njia yake yenye rangi, kwa kawaida bluu kwa kutazama nyuma na nyekundu kwa mbele. Funga, weka goti kwenye kiti, kandamiza kwa uzito wako huku ukivuta mkanda. Kisha shika kiti pale mkanda unapopita, ukitikise. Kisicheze zaidi ya sentimita 2.5 upande wowote. Kikicheza zaidi, rudia. Mara nyingi tatizo ni mkanda uliosokotwa au goti lililowahi kuondolewa. Mkanda wa pointi tatu usiobana wenyewe unahitaji kiti chenye kibanio chake, au kile kibanio cha chuma chenye umbo la H, kikae karibu kabisa na ulimi wa mkanda, ndani ya sentimita 2.5.

Angalia pia kifungio cha gari kimelala wapi. Kwenye magari haya shina lake huwa refu, kikaishia kwenye kona ya fremu ya kiti. Hapo nguvu inakipinda badala ya kukivuta, na kinaweza kuvunjika au kufunguka. Hamia siti nyingine, au tafuta kiti chenye njia ya mkanda iliyo juu zaidi.

Kiti cha kutazama mbele chenye mkanda wa juu, ule unaotoka mgongoni mwake, kinahitaji pa kuufunga. Pete za kufungia mizigo hazifai, hazikupimwa kwa kazi hiyo. Land Cruiser zilizouzwa Australia zina sehemu hizo, kwa kuwa sheria ya huko inazidai tangu miaka ya 1970, na bodi ni ileile, hivyo mpangilio wake ni wa kuigwa. Ukilazimika kutoboa sakafu nyuma ya benchi, weka chini ya bati chuma cha unene wa milimita 3 na eneo la sentimita 40 za mraba au zaidi, kipimo kinachotumika kwa mikanda ya magari ya mashindano, na bolti yenye alama 8.8. Kabla ya kushika drili lala uvunguni: tenki la mafuta la Land Cruiser 80 liko hukohuko nyuma.

Kumfunga mtoto ni rahisi kuliko hayo yote, lakini hukosewa zaidi. Mikanda ya mabega itokee usawa wa mabega au chini kidogo akitazama nyuma, usawa au juu kidogo akitazama mbele. Kaza, kisha jaribu kubana utepe begani kwa vidole viwili. Ukiweza kuukunja, bado umelegea. Makete au Limuru kwenye baridi, mvue koti zito, mfunge, ndipo umfunike blanketi juu ya mikanda. Kiti cha kutazama nyuma kisiwekwe mbele kwenye siti yenye mfuko wa hewa. Tafuta maandishi SRS kwenye dashibodi upande wa abiria.

Barabara ya vumbi yenye mawimbi hulegeza kila kitu. Tikisa kiti kila unaposimama. Funga kwa kamba jeki, dumu na tairi la akiba nyuma ya benchi, kwa sababu dumu la lita 20 lililojaa likiruka halizuiwi na mgongo wa siti.

Baada ya ajali kubwa, badilisha kiti na mikanda ya gari iliyokishikilia. Kile cha zamani, kata mikanda yake kabla ya kukitupa, kisije kikauzwa tena.