Utepe kwenye kioo cha tangi la matumbawe

Kwa mwenye tangi jipya la maji chumvi: chumvi ikishakaa gramu 35 kwa lita, bandika utepe kwenye kioo usawa wa maji. Yakishuka chini ya utepe, rudishia maji yasiyo na chumvi. Mimi wiki nzima nilikuwa naongezea ya chumvi, kipimo kikawa kinapanda tu. Kinachopotea hewani ni maji peke yake, chumvi inabaki: tangi la lita 100 likipoteza lita 5, unakaribia gramu 37. Ongeza kidogo kidogo, asubuhi na jioni, matumbawe hayapendi kushtuliwa. Ya bomba huwa na klorini, na visima vingi vya pwani vina chumvichumvi tayari, kwa hiyo tafuta yaliyochujwa kwa RO, yaani chujio la utando mwembamba unaozuia chumvi. Kama una tangi la chini, lile la pili ambalo maji hushukia kabla ya pampu kuyarudisha juu, utepe ukae huko, kwenye chumba cha pampu. La juu halishuki. Utepe unadanganya pale maji yanapotoka na chumvi yake: yakimwagika, yakivuja, au mashine ya povu, ile inayotoa uchafu kwa mapovu, ikijaza kikombe chake. Hapo pima kwanza, kisha rudishia ya chumvi.