Kabla hujanunua kibodi ya katuni, cheki plastiki kwanza

Wale mnaotaka kibodi za mekanikali zenye rangi rangi, za Hello Kitty na wahusika wengine, jamani msiangalie picha peke yake. Muulize muuzaji vifuniko vya batani ni plastiki ya ABS au ya PBT, kwa sababu ABS ukiitumia sana inasuguliwa na vidole na kuanza kung'aa kama imepakwa mafuta, na kama picha imechapwa juujuu tu inafutika, unabaki na paka hana uso. Inauma kweli! Tafuta PBT ambayo rangi yake imepenyezwa ndani kwa joto (wanaiita dye-sub), hiyo haifutiki kirahisi. Ila hizo mara nyingi taa haipiti kwenye herufi, so kama unachapa gizani na bado unaangalia batani, fikiria hilo kabisa.

Halafu swichi, yaani kale kadude kalikoko chini ya kila batani. Nyekundu inashuka laini, ya kahawia unahisi kakizuizi kadogo katikati, bluu inapiga kelele tak tak tak, kama unalala chumba kimoja na mtu achana nayo. Mimi ningechukua kibodi yenye swichi za kuchomoa na kurudishia bila kulehemu (wanaziita hot-swap), ikifa moja unabadilisha hiyo hiyo tu.

Na kama kibodi unayo tayari, nunua seti ya vifuniko tu, mradi swichi zako zina kijiti cha msalaba pale kifuniko kinapokaa, na upime kwanza batani ya spesi na shifti ya kulia, kwenye kibodi ndogo shifti hiyo huwa fupi na seti nyingine hazina saizi yake.