Somo: Kufunga mota kwenye miguu ya trela

Miguu ni ile miwili ya mbele inayoishikilia trela ikiwa haina kichwa. Mota ya miguu huchukua nafasi ya mkono unaozungusha hendeli, basi. Haiponyi mguu uliopinda wala giaboksi iliyokauka. Na fundi akilalamika kwamba mota "haina nguvu", mara nyingi kosa liko kwenye waya au breketi.

1. Anza na mguu wenyewe

Trela iwe imeshikwa na kichwa, breki ya kuegesha imefungwa, vigingi viko kwenye matairi. Zungusha hendeli kwa mkono katika giya ya mbio (ya haraka, isiyo ya kuinua mzigo; ya pili, ya polepole, ni giya ya mzigo), miguu ikiwa hewani, kutoka juu mpaka chini. Uzito wa kuzungusha uwe uleule njia nzima. Ikikaza mahali pamoja tu, bomba la ndani limepinda; mota itamalizia kuliharibu. Pampu grisi kwenye chuchu zote huku mguu ukishuka, ili ienee kwenye skrubu badala ya kurundikana.

2. Pima shafti

Hii ni shafti inayoshika hendeli, na mota itafungwa hapo. Vipimo ni vitatu: kipenyo, tundu la pini, na milimita ambazo shafti husogea unapoivuta au kuisukuma kubadili giya. Cha tatu ndicho husahaulika. Kapilingi, yaani kiungo cha mota na shafti, isiporuhusu mwendo huo, meno ya giya hushikana nusu nusu, kisha hukatika siku ya mzigo.

3. Breketi

Nguvu inayozungusha shafti hutaka pia kuuzungusha mwili wa mota upande wa pili. Kwa hiyo mota inahitaji mkono wa kuizuia, uliofungwa kwenye bamba la mguu kwa bolti. Bolti za M12 (unene wa milimita 12) za daraja la nguvu 8.8 zikaze karibu Nm 80 (nyutoni-mita) kwa spana ya kupimia, na nati ziwe za kujifunga. Usichomelee bomba la mguu: joto hulipinda, na la ndani halitapita tena. Kingo za juu na chini za boriti kuu za chesisi ziache, usitoboe wala kuchomelea. Ukilazimika kuchomelea kwingine, chomoa kwanza betri na kompyuta ya breki.

4. Umeme

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mota ya wati 1,000 huvuta takriban ampea 42 kwa volti 24, lakini ampea 83 kwa volti 12. Tuseme betri iko mita 12 kutoka kwenye mota. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 24. Waya wa shaba wa mm² 16 kwa urefu huo una ukinzani wa omu 0.026 hivi. Kwenye volti 24 unapoteza volti 1.1, jambo la kuvumilika. Kwenye volti 12 unapoteza 2.2, na mota inabaki na chini ya volti 10. Kwa waya wa mm² 35 upotevu unashuka hadi volti 1. Na hizo ni ampea za kawaida. Wakati wa kuanza huwa nyingi zaidi.

Waya wa kurudi uende mpaka betri. Usitegemee chesisi yenye kutu. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 30 kutoka temino chanya, na ukubwa wake ulinde waya. Usiibe umeme kwenye laini ya ABS au EBS (mifumo ya umeme ya breki) hata kidogo, na laini ya taa haikutengenezwa kubeba ampea hizi.

Njia nzuri zaidi ni betri ndani ya sanduku karibu na miguu. Ampea 60 kwa dakika 2 ni Ah (ampea-saa) 2 tu. Kushusha na kupandisha ni Ah 4, ambazo chaji ya ampea 5 hurudisha kwa takriban saa moja ya safari. Betri ikiwa ya volti 12 na kichwa cha volti 24, weka kibadilisha volti.

Swichi iwe ya kushikilia: ukiachia, mota inasimama. Ikae pale unapoiona miguu yote miwili, kamwe si katikati ya kichwa na trela.

5. Vikomo

Weka swichi za kikomo milimita 15 hivi kabla ya mwisho, juu na chini. Mota ikigonga mwisho kwa kasi, nati hukwama kwenye skrubu kiasi kwamba hata hendeli haiitoi. Kisha pima ampea mguu ukishuka hewani, na uweke kikata-umeme juu kidogo ya hapo kwa giya ya mbio. Unyayo ukigusa ardhi, mota itazima yenyewe. Hendeli ya mkono ibaki kwenye trela.

Maswali ya wanachama

*Fundi, mota inavuma tu, mguu hauendi. Ninunue kubwa zaidi?*
Pima volti kwenye temino za mota huku inavuma. Zikiwa chini sana kuliko za betri, ni waya au kiungo kilicholegea. Zikiwa sawa, angalia kama uko kwenye giya ya mbio na mzigo tayari umekaa kwenye miguu.

*Mguu mmoja unashuka, wa pili umebaki.*
Mara nyingi bolti ya shafti inayounganisha miguu imekatika. Usiishushie trela. Sawazisha miguu yote miwili kwa urefu kwanza, ndipo ufunge bolti mpya ya daraja lilelile.

*Kichwa changu kina mifuko ya upepo. Nahitaji giya ya mzigo?*
Kwa kukata trela, yaani kuitenganisha na kichwa, mara nyingi hapana. Shusha miguu mpaka iguse, fungua kufuli inayoshika trela, toa upepo kwenye mifuko ya kichwa ili mzigo ukae juu ya miguu, kisha toka. Unaporudi kuunga, bamba la trela liwe usawa na sahani ya kichwa au chini yake kidogo. Likiwa juu, kingipini (pini ya trela inayoingia kwenye kufuli) inaweza kupita juu ya kufuli.

*Naweza kuzungusha miguu kwa bunduki ya kufungulia nati za matairi?*
Hapana. Mapigo yake hula meno ya giaboksi.

*Na mota ya upepo badala ya umeme?*
Inawezekana, lakini lazima iwe na vali ya kulinda upepo wa breki. Pia kumbuka kwamba trela iliyokatwa haipati upepo mpya: tangi likiisha, unarudi kwenye hendeli.