Seva ya kuhifadhia mafaili nyumbani: vifaa gani ununue, na ile diski "iliyokufa"

Mwezi uliopita nilimfungia dada mmoja mwenye studio ya picha hapa Soweto, Mbeya, seva ya kuhifadhia kazi zake. Harusi, sendofu, kipaimara, kila kitu kilikuwa kwenye eksteno (diski za nje za USB) saba ndani ya droo moja. Moja ilikuwa imeandikwa USIFUTE kwa maka, na mwenyewe hakumbuki ndani kuna nini. Nimeandika hapa jinsi tulivyochagua vifaa, kwa sababu tangu siku ile watu wengine watatu wameniuliza.

Hatua ya 1: Kompyuta

Usinunue mpya. Chukua mtumba wa ofisini, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, Core i5 ya kizazi cha 4 kwenda juu, RAM GB 8. Kugawa mafaili ndani ya nyumba hakutaki prosesa kali, na hela utakayookoa itaenda kwenye diski. Ila chukua tawa, yaani kasha refu la kusimama, siyo ile nyembamba ya kulaza chini ya skrini. Nyembamba nyingi zina nafasi moja tu ya diski kubwa. Mwambie muuzaji afungue kifuniko palepale dukani, uhesabu nafasi za diski na soketi za SATA (za kuchomekea diski) kwa macho yako.

Najua kuna watakaosema Raspberry Pi (ile kompyuta ndogo ya kiganjani) na eksteno za USB. Mimi sifungi. Waya wa USB ukiguswa na mtoto anayetafuta chaja, diski imepotea katikati ya kuandika.

Umeme usikutishe. Mashine inayokula wati 25 usiku na mchana inamaliza uniti 18 kwa mwezi. Ila kama nyumba yako iko kwenye ile tarifa nafuu ya TANESCO, isiyovuka uniti 75 kwa mwezi, jua hiyo ni karibu robo yake.

Hatua ya 2: Diski

Hapa ndipo nilipopotezea Jumamosi nzima, kwa hiyo nivumilie.

Nunua mbili za ukubwa sawa, moja iwe kioo cha nyenzake, yaani kila faili liandikwe kwenye zote mbili. Kabla ya kulipa, tafuta namba ya modeli mtandaoni uone ni CMR au SMR, njia mbili za kuandika data kwenye diski. CMR huandika mistari ikiwa imeachana. SMR huandika mistari ikilaliana kama mabati ya paa, kwa hiyo ukitaka kubadilisha mstari mmoja lazima majirani zake nao waandikwe upya. Kwa kutunza filamu haina neno. Kwenye kioo, siku diski moja ikifa na mpya inajazwa, kazi ya saa chache inaweza kwenda siku kadhaa. Usiamini neno NAS (yaani diski ya seva ya mafaili kama hii) kwenye kibandiko peke yake: mwaka 2020 Western Digital wenyewe walikiri kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6 zilikuwa SMR bila kutangazwa. Seagate IronWolf na WD Red Plus ni CMR.

Sisi tuliagiza Kariakoo mbili za TB 8, zilizotumika, za aina ya seva kubwa. Zikaja na basi, zimefungwa ndani ya kanga mbili (hilo nililisisitiza, barabara ni ndefu). Nikafunga ya kwanza kwenye tawa yake. Kimya. Hakuna mzunguko, hakuna joto, BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) haioni kitu. Nikabadilisha kebo ya data, nikabadilisha soketi, nikaweka ya pili. Kimya vilevile. Dada akaniletea chai, akasimama mlangoni: "Kaka, hizi diski umenunua au umeuziwa?"

Nilishampigia muuzaji na kumfokea, nikaanza kuzirudisha kwenye boksi. Bahati nikajaribu moja kwenye kasha la eksteno lenye adapta yake. Ikanguruma.

Kumbe diski nzima kabisa. Plagi ya umeme ya SATA ina pini 15, na tatu za kwanza zilikuwa za volti 3.3. Kwenye toleo la SATA 3.3 la mwaka 2016, pini ya tatu ikapewa kazi mpya: ikipata umeme, diski izimwe. Inafaa kwenye seva kubwa, fundi anazima diski akiwa mbali. Pawasapulai ya zamani haijui habari hiyo. Inapeleka volti 3.3 pale kama ilivyozoea, na diski inatii: inabaki imezimwa.

Dawa ni kuziba pini. Usitumie seloteipu ya kawaida. Yangu ilijikunja wakati wa kuchomeka plagi. Nenda kwa fundi simu yeyote pale Kabwe, muombe kipande cha ile teipu ya rangi ya kaharabu wanayozuilia moto wa hitigani (bunduki ya hewa ya moto). Hesabu pini kuanzia upande ulio jirani na plagi ya data. Ziba zote tatu, maana hizo mbili nyingine diski hizi hazizihitaji, na kukata teipu ya pini moja kwa wembe ni kujitesa. Wapo wanaotumia adapta ya moleksi kwenda SATA, kwa kuwa moleksi haina volti 3.3. Inafanya kazi, lakini zile za plastiki iliyomiminwa zina sifa ya kuungua. Bora teipu.

Zikishawaka, endesha `smartctl -a`, amri ya Linux inayosoma afya ya diski. Mistari yenye ID 5, 197 na 198, ukitaka kulala usingizi, safu ya RAW_VALUE iwe sifuri. Ule wa 199 ukipanda, badilisha kebo kwanza kabla ya kulaumu diski. Kisha `smartctl -t long`, kipimo kirefu cha diski nzima. TB 8 huchukua zaidi ya saa 12, iache usiku.

Na droo ya eksteno usiitupe. Kioo hakikuokoi ukifuta mwenyewe. Chagua eksteno nzima mbili, nakili, moja ikalale kwa mama mkwe.

Hatua ya 3: UPS

Hiki ni kifaa cha betri kinachoshikilia seva umeme ukikatika. Lazima. Masika ya huku na radi zake mnazijua. Nunua yenye tundu la USB la kuwasiliana na seva, ili umeme ukikatika seva ijizime yenyewe betri ikikaribia kuisha. Betri ndani mara nyingi huwa ni ya volti 12, ampea-saa 7 (7Ah), inapatikana hata Mwanjelwa.

Hatua ya 4: Mfumo na mtandao

Weka openmediavault, mfumo wa bure wa kugeuza kompyuta kuwa seva ya mafaili. Seva iunge kwa kebo, Wi-Fi waachie wenye simu. Ukinakili faili kubwa ukaona megabaiti 110 kwa sekunde, uko sawa. Ukiona 11, kuna mahali pamebana kwenye megabiti 100. Kwa dada ilikuwa kebo iliyobanwa nyaya nne badala ya nane, na aliyeibana ni mimi.