Usiiache nadharia chapta ya pili

Nyie mnaoandika utafiti wa simu na intaneti na nani anaachwa nje, wengi mnabandika nadharia chapta ya pili kama picha ya rais ofisini, iko pale ukutani lakini hakuna anayeiuliza kitu. Ndo maana supavaiza anarudisha kazi.

Anza na swali. Tuseme unataka kujua kwa nini akina mama Wakongomani wa kule Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, wana simu mkononi ila mambo mengi ya mtandaoni yanawapita. Ukihesabu simu tu utasema wote wamo, kazi kwisha, na hapo umeshapotea.

Sasa chagua nadharia MOJA jamani, sio tatu. Mi ningemchukua Bourdieu, yule mwanasosholojia Mfaransa, maana kwake mtaji sio pesa peke yake, kuna mtaji wa elimu na utamaduni, kuna wa kujuana (ndo mtaji wa kijamii), na mmoja unaweza kugeuka mwingine. Kama swali lako ni mtu ana uhuru gani wa kuishi maisha anayoyathamini, basi nenda kwa Amartya Sen, yule mchumi Mhindi.

Kazi yenyewe iko hapa: kila dhana igeuze iwe swali la Kiswahili cha kawaida, usiende kumuuliza mama wa watu "una mtaji wa kijamii?" atakushangaa bure. Muulize laini yake imesajiliwa kwa jina la nani, meseji ikija kwa Kiingereza nani anamsomea, data ikiisha anaomba hotspoti kwa nani na huyo baadaye anadai nini. Hilo la mwisho usiliruke, ndo utaona kujuana kunavyogeuka intaneti, saa ingine kunageuka deni.

Alafu tazama na walio juu. 2018 serikali ya Uganda ilileta kodi ya shilingi 200 kwa siku ukitaka WhatsApp ama Facebook, 2021 ikaiondoa ikaleta kodi ya 12% juu ya data. Ile 200 kwa siku ilikuwa kama elfu sita kwa mwezi, kwa mwenye mshahara sio kitu, kwa muuza mihogo ni hesabu ingine kabisa, na wale walioikwepa kwa VPN, zile app za kuficha uko wapi mtandaoni, nao kuna mtu aliwaonyesha, huo pia ni mtaji.

Ukianza kupanga majibu, weka rundo la yale yanayokataa kuingia kwenye nadharia, usiyalazimishe. Mi hilo rundo ndo naanza nalo kusoma.

Na vibali anza mapema, kamati ya maadili kwanza, alafu UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda), na kwa kambi za wakimbizi lazima pia upite OPM (ofisi ya waziri mkuu) kabla hujapanda basi.