Somo: Mlinganyo wenye sehemu na alama ya kutoa katikati

Wakuu, swali hili linarudi kila wiki, hasa kutoka kwa wa kidato cha pili. Naliandika mara moja. Akiuliza mwingine, mleteni hapa. Mfano:

(x + 1)/2 − (x − 3)/5 = 5

1. Tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya asili, yaani namba za chini, 2 na 5. Ni 10.

2. Zidisha KILA kipande kwa 10, pamoja na ile 5 ya kulia: 5(x + 1) − 2(x − 3) = 50. Ukiishia na x = −2, ya kulia uliisahau.

3. Fungua mabano. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mstari wa sehemu unafanya kazi ya mabano: alama ya kutoa iliyo mbele ya (x − 3)/5 inatoa kiasi chote, si x peke yake. Kwa hiyo unazidisha kwa −2, si kwa 2. −2 mara x ni −2x. −2 mara −3 ni +6. Unapata 5x + 5 − 2x + 6 = 50. Ukiandika −6 utapata x = 17, namba nzima isiyo na desimali, ndiyo maana watu hawaishtukii. Andika mabano hata kama unaona unapoteza wino. Na usifungue mabano na kukusanya x kwenye mstari mmoja.

4. 3x + 11 = 50, 3x = 39, x = 13.

5. Hakiki kwenye mlinganyo wa mwanzo, maana mstari wa pili huenda tayari umebeba kosa: 14/2 − 10/5 = 7 − 2 = 5. Sawa.

MASWALI

– Mkuu nimepata 17, au kitabu kimekosea?
Hatua ya 3.

– Nimesoma, bado 17.
Weka 17 mahali pa x: 18/2 − 14/5 = 6.2. Kitabu kiko sawa.

– MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inataka kugawanya kabla ya kuzidisha. Mbona umeanza na kuzidisha?
Umeuliza la maana. MAGAZIJUTO ni ya kukokotoa. Hatua ya 2 haikokotoi, inazidisha pande zote mbili kwa namba ileile, na usawa haubadiliki. Kwenye kuhakiki ndipo MAGAZIJUTO inaporudi kazini.

– Mfuatano 7, 11, 15… Kutafuta namba ya 50, kwa nini 4 inazidishwa kwa 49?
Kufika ya pili unaongeza 4 mara moja, ya tatu mara mbili. Kufika ya 50, mara 49: 7 + 49 × 4 = 203. Kwa nafasi yoyote n ni 7 + 4(n − 1); fungua upate 4n + 3. Sasa, je, 100 imo? 4n + 3 = 100 inatoa n = 24.25. Nafasi ya 24 na robo haipo, basi 100 haimo.

– Kumbe 4n + 3 nayo ni fanksheni?
Ndiyo, ila n inapokea 1, 2, 3… tu. f(x) = 4x + 3 ingeipokea 24.25 bila ubishi. Zichore: mfuatano unatoa nukta, f inatoa mstari ulionyooka unaopita juu ya nukta hizohizo.

– Kikokotoo changu kinasema −2² ni −4. Kimekufa?
Kizima. Kinaanza na kipeo, hasi inafuata. Kwa g(x) = x² − 3x, ukitafuta g(−2) bonyeza (−2)² − 3 × (−2). Jibu 10.